Mzee Niliyemtunga Kabla ya Saa Mbili

Ijumaa iliyopita nilirudisha ufunguo wa ofisi. Kijana wa zamu aliupokea, akaniuliza kama kuna kitu nimesahau kwenye droo. Nikamwambia nimesahau mengi, ila si kwenye droo. Wenzangu wa gazetini mlinicheka, mkanipa keki na saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye mmekwisha kumwambia kwamba hana haja tena ya kuwahi popote.

Kwa miaka mingi mmeniuliza swali moja: Mama Wakesho, unapata wapi cha kuandika kila siku? Niliahidi kuwajibu nikistaafu. Sasa nimestaafu, nimekaa mezani nyumbani na chai yangu, na naona jibu lenyewe silielewi vizuri. Kwa hiyo nitawasimulia tu yaliyonipata Voi mwanzo wa kazi yangu, halafu ninyi mliosoma zaidi mtajua la kufanya nayo. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua.

Niliingia Voi mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nimekaa juu ya marobota ya mkonge kwenye lori lililotoka Mwatate. Masista wa misheni walikuwa wamenifundisha kupiga taipu, na nilikuwa nimesikia kuna gazeti dogo linalotafuta mtu. Baba alikubali shingo upande. Alisema kazi anayoifanya mtu amekaa haiwezi kuwa kazi, labda ni ugonjwa. Nilishuka nimejaa nyuzi za mkonge hadi kwenye nywele, nikauliza njia, nikaonyeshwa chumba cha mabati nyuma ya duka la vitambaa, hatua chache kutoka relini.

Ndani mlikuwa na mtambo wa kuchapa unaokanyagwa kwa mguu, makabati ya herufi za risasi, meza tatu, na vumbi jekundu ambalo mtu angelifuta asubuhi na kulikuta limerudi mchana. Tulitoa gazeti la kurasa nne kila wiki. Katikati ya wiki mtambo ulichapa lebo za mkonge, kadi za harusi na matangazo ya minada ya ng'ombe, maana gazeti peke yake lisingeweza kujilisha.

Mhariri alikuwa Bwana Mwadime, nasi tulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha shule miaka mingi huko milimani kabla ya kukorofishana na wakubwa wake. Alikuwa mrefu, mkimya, na alivaa koti la sufu katika joto lile la Voi. Sikuwahi kusikia mtu akimuuliza sababu.

Siku hiyo ya kwanza niliiona mashine ya taipu pale mezani, imefunikwa kitambaa, nikaanza kunyoosha vidole. Mwalimu hakuifunua. Alinipa penseli, karatasi iliyoharibika upande mmoja, na kopo la maziwa ya unga lililojaa vijikaratasi vilivyokunjwa. Akaniambia nitie mkono. Nikatoa kimoja, nikakikunjua. Kilikuwa na neno moja: Kifuniko.

Nikamuuliza, kifuniko cha nini?

"Ningejua, ningekuandikia," akasema. "Andika mpaka king'ora cha reli kilie. Mkono usisimame."

King'ora kililia saa mbili, na wakati huo ilikuwa saa moja na nusu. Nilichanganyikiwa kabisa. Sikujua kama ni mtihani, adhabu au mzaha wa kumpokea mgeni. Kwa kuwa kitu pekee nilichowahi kuandika kwa hiari yangu ni barua, niliandika barua. Kwako Mwalimu, natumai u mzima kama mimi nilivyo mzima, ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kukuarifu kuhusu kifuniko. Kisha nikaeleza kifuniko cha chungu cha mama, kilivyokuwa na ufa na jinsi alivyotutambua kwa mlio wake kila tulipokifunua kuiba nyama. King'ora kilipolia Mwalimu aliichukua ile karatasi, hakuitazama, akaitupa kwenye sanduku la mbao chini ya mtambo. Ndipo akaifunua mashine ya taipu.

Mimi nilidhani lile sanduku ni la kusomwa baadaye. Hilo ndilo kosa langu la kwanza la kazini, na nilikaa nalo karibu miaka miwili.

Mtu wa tatu pale ofisini alikuwa Odhiambo, mpanga herufi, ambaye baba yake alikuja na kazi ya reli kutoka upande wa Kisumu. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa wino hata siku za sikukuu. Nilimuuliza faragha ile kazi ya asubuhi ni ya nini. Akaniambia yeye yuko hapo mwaka wa nne, ameandika hata kuhusu kisigino, na hajui. Akanishauri niandike tu, kwa sababu kuuliza kunamaliza nusu saa na karatasi inabaki nyeupe. Odhiambo ndiye aliyenifundisha kusoma maneno kinyumenyume kwenye risasi. Kabati zetu zililetwa kutoka Ulaya, zikawa na herufi za W chache mno kwa nchi yenye akina Mwakio, Mwandoe na Mwashigadi wengi namna ile. Zilipokwisha, aligeuza M kichwa chini miguu juu, akaendelea. Hadi leo nikiona W nyembamba mahali naitilia shaka.

Masharti ya kopo yalikuwa machache. Penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu wino humpa mtu muda wa kujiona mwandishi. Nusu ukurasa, si zaidi. Neno ulilolitoa hulirudishi hata kama ulilitoa jana. Mimi nilipata "Kidole cha tatu" mara mbili katika wiki moja, na nilipolalamika Mwalimu alijibu kwamba basi sasa nakijua vizuri. Yalikuwamo maneno kama "Mtu aliyekataa chai," "Mlango wa nyuma," "Harufu ya Jumapili." Na palikuwa na agizo moja alilolirudia kila nilipokwama: ukikosa la kweli, andika la uongo, lakini uongo wako uwe na vumbi.

Nililielewa agizo hilo polepole. Uongo usio na vumbi ni kama mzee mwema, mke mwaminifu, siku nzuri. Uongo wenye vumbi una mzee anayetafuna kijiti, na mke anayehesabu vikombe wageni wakishaondoka. Miezi ilipita, na siku moja ya Jumatano, mkesha wa kuchapa, ukurasa wa nne ulibaki na shimo kwa sababu habari za soko la ndizi la Mahoo hazikufika. Mwalimu alinitazama. Nilikaa, nikaandika kisa kifupi cha kulijaza shimo, na mkono wangu haukuuliza kitu. Niliposhtuka king'ora cha jioni kilikuwa kinalia. Nilifurahi mpaka nikaogopa kidogo.

Lakini kitu kimoja kiliniuma. Niliamini kwamba Mwalimu anazisoma zile nusu kurasa zetu za asubuhi, na hakusema neno hata siku moja. Nilianza kuandika kwa ajili ya macho yake. Nikiweka sentensi ninayoiona nzuri, kutwa nzima nilimchungulia aone kitu, atabasamu, akunje uso. Wapi. Alikuwa akikagua kadi za harusi. Nilirudi chumbani kwangu nikijiambia sina kipaji, labda baba alikuwa na haki na huu ni ugonjwa.

Kisha Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau ikatufikia hata sisi tuliodhani ni mambo ya huko bara. Treni zenye madirisha ya nondo zilianza kupita zikipeleka watu kwenye kambi za nyikani. Upande wa pili wa reli pakawekwa uzio wa seng'enge, na ndani yake mahema ya ofisi ya muda ya kuwachunguza watu. Pale stesheni Mama Zuhura, mwuza njugu, mtu wa pwani mwenye ulimi mtamu, aliacha kuwaimbia wateja wake. Watu waliamkiana kwa kichwa. Gazeti letu liliandika sana kuhusu mvua.

Siku moja Odhiambo aliniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye risasi zake, kama najua karatasi za sandukuni huenda wapi. Nikagundua sijui. Kila Ijumaa Mwalimu alilibeba lile sanduku kupitia mlango wa nyuma, akarudi nalo tupu. Hakusema anapeleka wapi. Nikakumbuka mambo niliyokuwa nimeyaandika humo: jirani fulani alisema nini, nani alionekana na nani. Mwalimu alikuwa mtu niliyemheshimu kuliko mtu yeyote pale mjini, na nilianza kumwogopa, halafu nikajichukia kwa kumwogopa, na mambo hayo mawili nikayabeba pamoja kila asubuhi.

Niliamua sitaandika tena mtu wa kweli. Nitatunga. Ninyi huwa mnasema nilizaliwa na kipaji cha kutunga. Si kweli, nilifundishwa na woga.

Asubuhi moja kopo lilinipa maneno haya: "Mtu anayesubiri treni isiyo yake." Nikatunga mzee. Nikampa kwao Marungu, kwa sababu Marungu ni mbali kidogo na sikuwa na jamaa huko. Nikampa mguu wa kushoto usiokunjika. Nikampa kibuyu cha maji ambacho mdomo wake umezibwa kwa kipande cha kanga iliyochakaa. Kila Alhamisi, nikaandika, mzee huyu anakuja treni ya wafungwa inaposimama kuchukua maji. Anahesabu mabehewa kwa kidole, anakwenda kwenye dirisha la tatu, anamimina maji katika mikono inayotoka kati ya nondo, na mikono hiyo inamwachia barua. Anazitia kwenye koti, anazipeleka zinakotakiwa. Hakuna aliyemtuma. King'ora kililia kabla sijamfikisha nyumbani. Nilimpenda yule mzee. Nikamtupa sandukuni, nikaendelea na lebo za mkonge.

Zilipita wiki tatu hivi. Ijumaa moja Odhiambo alichelewa, jambo ambalo hakuwa nalo, akaingia amekunja uso. Alisema askari wamemshika mzee mmoja wa Marungu, jina lake Maghanga, mchunga mbuzi. Wamemweka ndani ya seng'enge. Inasemekana huwa anapokea barua za wafungwa treni zikisimama. Jumatatu atapandishwa treni na wengine, apelekwe kambini.

Nikamuuliza walimtambuaje.

"Mguu," akasema. "Wanasema mguu wake wa kushoto haukunjiki."

Nilikaa chini. Sijawahi kuchanganyikiwa vile tena katika maisha yangu, na nimeona mengi. Huwezi kumshika mtu ambaye mimi nilimtunga tu, nilijiambia. Basi labda nilimwona nikasahau. Kisha nikafikiri labda mimi ni mchawi, nikiandika mtu anatokea. Kisha akili ikatulia mahali pamoja, na mahali hapo palikuwa pabaya: Mwalimu amezipeleka karatasi zetu. Nilimfuata mezani kwake. Nikamuuliza nani anasoma karatasi zetu.

"Hakuna," akasema.

Nikamwambia asinidanganye, kuna mzee atafungwa kwa ajili ya maneno yangu. Akaweka kalamu chini. Nilimweleza yote, na nikaona uso wake ukibadilika, si kama mtu aliyeshikwa, bali kama mtu aliyeamshwa.

"Wakesho, mwanangu," akasema, "mimi sijasoma hata moja. Zako wala za Odhiambo. Ukijua kuna mtu anasoma, utaandika kwa ajili ya uso wake. Nilitaka muwe na mahali pamoja pasipo na uso wa mtu."

Nawaambia ukweli, jibu hilo liliniuma kuliko kama angekuwa msaliti. Miaka miwili. Nikauliza sanduku hupelekwa wapi basi. Hapo aliona haya. Alisema karatasi ni adimu, na Mama Zuhura hukosa ya kufungia njugu, kwa hiyo wamepatana: yeye humpelekea sanduku, naye hutuletea ile birika ya chai ya saa nne tuliyokunywa kila siku. Miaka miwili nilikuwa nakunywa maandishi yangu na sukari.

Tulifunga ofisi, sote watatu, tukaenda stesheni. Mama Zuhura alikuwa kwenye karai lake. Mwalimu alipomuuliza, alikumbuka mara moja.

"Mie hufungia tu, sisomi," akasema. "Lakini askari mmoja alinunua za kukaanga, akakaa pale penye benchi. Akaanza kuisoma ile karatasi. Akasoma hata njugu zikamwagika, wala asiziokote. Nikajua hapo pana neno."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Askari wa watu aliona maandishi ya mkono, yamekunjwa, yanataja siku, dirisha na kijiji. Alidhani ni taarifa ya siri iliyopotea njia. Nani angedhani ni zoezi la asubuhi? Hata mimi niliyeliandika sikujua ni zoezi la nini.

Jumamosi asubuhi Mwalimu alisema tutakwenda wawili kule kwenye seng'enge. Niende peke yangu watanifunga mimi, aende peke yake watamfunga yeye, ila tukienda wawili huenda wakachanganyikiwa kama sisi. Alilipiga koti lake brashi. Mimi nilivaa gauni la kanisani. Kati ya mahema palikuwa na wanaume wamekaa chini kwa safu, na mwisho wa safu nilimwona mzee mmoja, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Sikuwa na haja ya kuonyeshwa. Hakufanana hata kidogo na mzee wangu. Wangu alikuwa mwembamba. Huyu alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na alikuwa analia bila sauti.

Mkaguzi aliyesimamia uchunguzi pale alikuwa Mzungu kijana, pua imebabuka kwa jua. Karani mmoja alimtafsiria. Karatasi yangu ilikuwa mezani, na niliitambua kwa madoa ya mafuta. Nikasema, bwana, hii niliiandika mimi, na mtu huyu hayupo, nilimtunga. Karani alitafsiri kwa muda mrefu kuliko nilivyosema. Mkaguzi akatikisa kichwa, akanijibu mwenyewe kwa Kiswahili chake.

"Hapana. Hii mtu iko. Wewe naona yeye. Hii kitambaa kwa kibuyu, wewe hapana weza fikiri tu."

Nilitamani ningekuwa nimemwandika mzee wangu bila kile kipande cha kanga. Nilimtazama Mwalimu, naye akamwambia Mkaguzi kwa upole ampe binti huyu neno lolote, neno lisilo na maana, na nusu saa.

Mkaguzi alitazama huku na huku ndani ya hema, nadhani alitafuta kitu kisichoweza kuzaa mtu. Akaonyesha msumari uliopigiliwa kwenye nguzo. Nikapewa penseli. Nje safu ile ya wanaume ilikuwa bado imekaa, na nilijua kwamba mkono ukisimama yule mzee atapanda treni. Niliandika. Nikatunga mwanamke anayekaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, mume wake yuko safarini na treni za mizigo. Amepigilia msumari nyuma ya mlango ili kutundika koti la mumewe la zamani, na kila jioni hulihamisha upande ili majirani wakichungulia wadhani mtu amerudi.

Karani alisoma kwa sauti, kisha akatafsiri.

"Huyu mama nani?" Mkaguzi akauliza.

Nikasema hayupo, bwana. Akauliza tena, jina lake nani. Nikasema hana jina. Akaniangalia kama mtu anayedanganywa mchana kweupe, akamwita askari, akamtuma aende nyumba za reli atafute mwanamke mwenye koti la mwanamume kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilikuja kumtoa mtu mmoja, sasa naingiza wa pili.

Tulingoja juani zaidi ya saa nzima. Mwalimu alivua koti kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Askari aliporudi alikuwa amelowa jasho, akapiga saluti.

"Wako watatu, bwana," akasema. "Na mmoja ana makoti mawili."

Karani alitafsiri. Mkaguzi aliniuliza kama nawajua wanawake hao watatu. Nikamwambia sijawahi kuingia nyumba hizo. Akaanza kuchezea ile karatasi yenye mafuta. Nilimwona akifika, taratibu, mahali ambapo sisi tulikuwa tumefika tangu jana: kwamba ukiandika mtu vizuri kiasi cha kutosha, ukimtafuta utampata, na kupatikana kwake hakuthibitishi chochote. Hakusema hivyo. Alisema kitu kifupi kwa karani, akawasha sigara, akatugeuzia mgongo. Mzee Maghanga aliachiliwa saa ile ile. Alipita mbele yetu akichechemea, hakututazama, wala sikuwa na uso wa kumwita.

Jumatatu asubuhi tulikuwa tunaandika, kopo katikati ya meza, aliposimama mlangoni. Sisi Wadawida, watu wa milima ya Taita, tunajua hasira ya mtu aliyedhulumiwa si jambo la kubeza. Hata akinyamaza, hasira hukaa moyoni mwake na kumfikia aliyemkosea kwa balaa, mpaka aitoe kwa kinywa chake. Ndiyo kutasa: mtu huchukua pombe ya miwa, au maji kama hakuna, akapuliza nje na kusema maneno ya kuiacha hasira iende. Nilipomwona Mzee Maghanga nilijua amekuja kwa jambo hilo au kwa kinyume chake. Nilisimama. Nikamwamkia kwa Kidawida, nikamwambia mimi ndiye.

Alikaa kwenye kiti changu, mguu ameunyoosha chini ya meza. Akataka kusikia nilichoandika. Karatasi ilibaki kwa Mkaguzi, lakini nilikuwa naijua kwa moyo, nikamsomea hewani, kibuyu, dirisha la tatu, barua ndani ya koti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni mtu mwema kunishinda," akasema. "Mimi treni zile naziogopa. Zikipita nageuza mbuzi, naangalia kwingine."

Nilimwomba msamaha. Sikuona haya kulia mbele ya Odhiambo. Mzee alingoja nimalize. Kisha akatia mkono ndani ya koti akatoa karatasi tatu zilizokunjwa ndogo sana, akaziweka juu ya meza moja moja.

"Kule ndani vijana wa bara walisikia nimeshikwa kwa sababu ya barua," akasema. "Usiku wakanipa zao. Niliwaambia si mimi. Wakasema wanajua, mtu wa kazi hii lazima akatae. Sasa mimi sijui kusoma. Nisomee zinakwenda wapi."

Mwalimu aliinuka akafunga mlango. Nilisoma majina yaliyoandikwa nje tu, ya ndani hayakuwa yangu: mke mmoja wa Nyeri, mama mmoja wa Murang'a, na mtoto ambaye hakuandikiwa mahali ila shule. Mzee aliyarudia kila moja mara tatu kwa sauti ya chini, mpaka akayashika. Odhiambo alisema nduguye yuko kwenye injini ya treni ya mizigo inayokwenda Nairobi jioni hiyo, naye ni mtu wa siri, atazichukua yeye. Mzee alikataa kumwachia. Alisema alipewa yeye mkononi, naye atazitia mkononi mwa huyo ndugu, si kwa mtu wa kati.

Kisha akaomba maji. Nilimletea kwenye kikombe cha bati. Alichukua funda moja, akageukia mlango, akapuliza, akasema kwa Kidawida kwamba kilichokuwa moyoni mwake kwa ajili ya binti huyu kimetoka na kisirudi. Alirudisha barua ndani ya koti, akainuka kwa shida akishika meza, akanitazama kwa mara ya kwanza usoni.

"Utamwandika tena yule mzee wako?"

Nikasema sijui. Akipenda, ndiyo.

"Basi usimpe mguu huu," akasema. "Kutoka Marungu mpaka relini ni mbali, mwanangu."

Akatoka, nasi tukamsikia akikokota mguu kwenye kokoto mpaka akafika upande wa stesheni. Mwalimu alinisogezea kopo. Nilitoa neno, sikumbuki lilikuwa lipi, nikaandika mpaka king'ora, nikampa yule mzee wangu miguu miwili mizima.